Ujasiriamali kwa Vitendo

Ujasiriamali kwa vitendo ni njia ya kufundisha biashara ambayo mwanafunzi huanzisha biashara na kuiendesha mwenyewe, kwa mtaji wa kweli na kwa wateja wasiolazimika kununua. Somo hutokana na yanayomkuta sokoni. Istilahi hii ina sehemu mbili, na zote zinahitaji maelezo.

Neno ujasiriamali limeundwa kwa kuunganisha ujasiri na mali. Mjasiriamali, basi, ni anayethubutu kuiweka mali yake hatarini ili aichume nyingine. Maana hiyo haiko mbali na ya Richard Cantillon, ambaye kitabu chake cha uchumi kilichapishwa mwaka 1755, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwa Cantillon, mtu wa namna hii hununua kwa bei anayoijua na kuuza kwa bei asiyoijua. Mwaka 1911 mchumi Joseph Schumpeter aliuhamishia uzito kwenye ubunifu: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya. Ubunifu huo haumo ndani ya neno la Kiswahili, na matumizi ya mitaani yameuacha mbali zaidi. Nchini Tanzania mama lishe, mmachinga na muuza mitumba wote ni wajasiriamali. Hata vitambulisho walivyoanza kupewa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kimoja, viliitwa vya wajasiriamali wadogo. Kwa mwalimu, pengo hilo si la kumkosesha usingizi. Mawazo mapya hupatikana hata darasani. Hatari ya kupoteza fedha haipatikani humo.

Maneno “kwa vitendo” ndiyo yenye utata zaidi. Vyuoni, mafunzo kwa vitendo ni zile wiki ambazo mwanachuo hupelekwa kiwandani, benki au ofisi ya halmashauri. Kazi anaifanya kweli, ila hapangi bei wala halipi mishahara, na bidhaa zikidoda hasara ni ya mwenye kampuni. Uanagenzi nao humpa kijana ufundi wa useremala au ushonaji chini ya fundi anayebeba hatari yote. Wapo pia walimu wanaohesabu kuandika mpango wa biashara kuwa ni vitendo, ingawa mpango huo huishia kwenye faili. Kipimo cha kutenganisha mambo haya ni kuuliza nani anaamua na hasara inamwangukia nani. Pasipo uamuzi na hasara mikononi mwa mwanafunzi, istilahi hii inatumika vibaya.

Mfano wa zamani unaofahamika sana ni wa shirika la Junior Achievement, lililoanzishwa Marekani mwaka 1919 na ambalo sasa liko pia Kenya, Uganda na Tanzania. Vijana huunda kampuni ya wanafunzi, huuza hisa za bei ndogo ili kupata mtaji, huchagua viongozi, hutengeneza bidhaa na kuiuza. Mwisho wa kipindi kampuni huvunjwa, hesabu hufungwa, na kilichobaki hugawiwa wanahisa. Hatua hiyo ya kuvunja kampuni ina mafunzo mengi kuliko inavyodhaniwa. Hapo ndipo kijana huona kuwa mauzo makubwa si faida, na kwamba bidhaa iliyokopeshwa bado si fedha mkononi. Mwanahisa akiwa shangazi au jirani, maelezo ya hasara huwa magumu zaidi.

Finland ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1993, mjini Jyväskylä, mwalimu Johannes Partanen alianzisha programu ya Tiimiakatemia ndani ya chuo. Wanafunzi wake huunda kampuni za ushirika na kuziendesha muda wote wa masomo. Mihadhara huachia nafasi vikao vya mazungumzo, na mwalimu huwa kocha. Vitabu havikutupwa: mwanafunzi husoma kile kinachohusu tatizo lililo mbele yake wakati huo.

Vikao hivyo vina sababu. Mtaalamu wa elimu David Kolb, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kuwa kujifunza hupitia tukio, tafakuri juu yake, kanuni inayotokana nayo, kisha jaribio jipya. Kuuza maandazi mwaka mzima bila kukaa chini na daftari la hesabu ni tukio lililokatika njiani. Historia ya Tanzania inalithibitisha hilo. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967, ilitaka shule ziwe na mashamba na wanafunzi washiriki katika maamuzi yake. Katika shule nyingi jembe lilibaki na maamuzi yakaenda ofisini: wanafunzi walilima, mavuno yakauzwa, hesabu hawakuziona. Vitendo vilikuwepo, ujasiriamali haukuwepo.

Tatizo linalobaki ni la kusahihisha. Alama zikitolewa kwa faida, atakayeshinda ni mwenye mjomba wa kumnunulia bidhaa zote. Zisipohusiana kabisa na soko, biashara inageuka kuwa mchezo. Njia inayofaa ni kusahihisha kumbukumbu za biashara: sababu ya kila bei iliyopangwa, madaftari ya mapato na matumizi, na maelezo ya jambo lililobadilishwa baada ya mauzo kushuka. Kwa kipimo hicho kampuni iliyopata hasara inaweza kupata alama za juu, na yenye faida isiyojua faida yake imetoka wapi ikaanguka.