Kijana mwenye fimbo moja: historia fupi ya gofu na vita ya kichwani

Jumamosi mbili zilizopita, baada ya habari za michezo, baba mmoja alitutumia ujumbe wa sauti hapa radioni. Ni mtu wa Masisi, upande wa milima ya malisho. Leo anaishi Walikale katika nyumba ya familia iliyompokea, yeye, mke wake na watoto watano. Alisema mtoto wake wa miaka 13 alikuwa mchungaji. Ng'ombe hawapo tena, lakini fimbo kijana alikuja nayo mkononi safari nzima. Tangu wafike anashinda nyuma ya nyumba akipiga kampira ka matambara kwa fimbo ile, mpaka kaingie katika shimo alilolichimba mwenyewe. Hachezi na wenzake. Anahesabu mapigo kwa sauti ya chini, kisha anaanza tena.

Baba akauliza: "Ndugu mwandishi, huu ni mchezo, ao ni kichwa kimeanza kumsumbua?"

Nakiri kwamba studioni tulicheka. Baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani, niliona kwamba swali lake lilikuwa na jibu refu kuliko tulivyofikiri. Mchezo wa kijana huyo una jina, ni gofu. Umri wake unapita miaka 500, na tangu mwanzo watu wameuliza swali lile lile la baba: hii ni starehe, ao ni wazimu?

Mwaka 1457, kule Uskoti, bunge la mfalme James wa Pili lilitoa amri ya kukataza gofu, pamoja na mpira wa miguu. Sababu haikuwa dini wala kelele. Vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale, nao wakubwa waliwahitaji kwa ajili ya vita. Vita ilitaka vijana, vijana walitaka mpira. Jambo hilo sisi wa huku tunalielewa bila mkalimani.

Kwa wasikilizaji ambao hawajauona mchezo wenyewe: ni mpira mgumu, mdogo kuliko yai la kuku, unaopigwa kwa fimbo kupitia majani, mchanga na maji, mpaka uingie katika shimo lenye upana wa karibu sentimita 11. Mashimo ni 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Kinshasa kuna kiwanja pale Gombe, na Lubumbashi vilevile wanacheza. Huku kwetu sijaona hata kimoja, ingawa mtu aliyesimama juu ya vilima vya Masisi, pale ambapo majani yamekatwa na meno ya ng'ombe, angeweza kudhani mtu fulani alianza kutengeneza kiwanja akasahau kuweka bendera.

Sasa tuingie kichwani. Wazee wetu wanakumbuka Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman katika uwanja wa Kinshasa. Ali aliegemea kamba akapigwa, akavumilia, akangoja Foreman achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Ile ilikuwa vita ya akili, lakini Ali alikuwa na mtu mbele yake. Mcheza gofu hana mtu. Mpira umetulia, haukimbii, hakuna beki anayekuja kumkata miguu. Mchezo mzima wa mashimo 18 unachukua kama saa nne. Tukisema anapiga mara 72, na kila pigo ni sekunde mbili, mikono yake imefanya kazi dakika mbili na nusu tu. Saa zote zinazobaki anatembea na mawazo yake. Anakumbuka pigo baya la nyuma, anaogopa maji yaliyo mbele, anahesabu pesa ambazo hajazishinda bado.

Tena kuna jambo la kuchagua fimbo. Mchezaji anaruhusiwa kubeba fimbo 14, hazipiti hapo. Kuna kubwa ya kuanzia, ya kupeleka mpira mbali. Kuna za chuma zenye namba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mpira unavyoruka juu zaidi na kwenda karibu zaidi. Kuna ya kutolea mpira mchangani, na kuna fupi ya kuusukuma polepole mpaka shimoni. Zamani hakukuwa na kikomo. Miaka ya 1930 wachezaji wengine walibeba zaidi ya 20, hata 30, na mtu wa kuwabebea mfuko aliumia mgongo. Ndipo Wamarekani wakaweka kikomo cha 14 mwaka 1938, Waingereza wakafuata mwaka 1939. Wakubwa wa mchezo waliona ufundi unatoka mkononi na kuhamia katika mfuko.

Mwenye fimbo nyingi ana shida ambayo mwenye moja haijui: shaka. Ameshika namba saba, moyo unamwambia namba sita. Upepo je? Na urefu wa nchi? Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko ungeenda Mombasa kwa pigo lile lile. Mgeni anayetoka pwani akichagua kwa mazoea, mpira unapita shimo na kulala kichakani. Lakini hesabu si kitu kigumu zaidi. Kigumu ni kwamba akishachagua anatakiwa aache kuchagua. Mwili ukipiga huku kichwa bado kinajadiliana, pigo linatoka nusu.

Hapo Nairobi ndipo ninapotaka kumleta mtu mmoja. Jina lake Severiano Ballesteros. Alizaliwa mwaka 1957 katika kijiji cha Pedreña, kando ya bahari, kaskazini ya Uhispania, katika familia ya wakulima wenye ng'ombe. Jirani yao kulikuwa na klabu ya gofu ya watu wakubwa. Watoto wa kijiji waliingia humo kubeba mifuko ya wenyewe, si kucheza. Fimbo yake ya kwanza ilikuwa kichwa cha chuma kilichozeeka, akakiingizia mti kwa mkono wake. Mawe yalikuwa mipira yake. Baadaye kaka yake alimpa chuma namba 3 kamili, basi akawa na fimbo moja. Alikwenda nayo ufukweni, na gizani alijipenyeza kiwanjani.

Chuma namba 3 kimetengenezwa kwa pigo refu la chini. Yeye hakuwa na nyingine, kwa hiyo alikilazimisha kufanya yote: kuinua mpira juu, kuutoa mchangani, kuusukuma taratibu. Alilala kitandani mwake akifikiria pigo la kesho. Watu waliomwona baadaye walishangaa kwamba anaona njia pale ambapo wengine wanaona kichaka. Mimi sishangai sana. Mtoto mwenye chombo kimoja anajifunza kufikiri kabla ya kujifunza kuchagua.

Mwaka 1978 Ballesteros alikuja Muthaiga, Nairobi, kwenye mashindano ya wazi ya Kenya yaliyoanza mwaka 1967, akashinda. Alikuwa hajafika vizuri miaka 21. Mwaka uliofuata alishinda mashindano makubwa ya Uingereza, na siku ya mwisho mpira wake uliangukia mahali pa kuegesha magari. Mwingine angevunjika moyo hapo. Yeye alipewa ruhusa ya kuusogeza bila adhabu, akaupiga, na shimo lile akalimaliza kwa pigo moja chini ya hesabu ya kawaida. Kabla ya kufa mwaka 2011 alikuwa amechukua mataji makubwa matano.

Nani alibeba mifuko kule Nairobi? Wakati wa ukoloni Mwafrika aliingia kiwanjani akiwa na mfuko wa mtu mwingine begani. Alijua kila kilima, alijua majani yanalala upande gani asubuhi, na ndiye aliyemnong'oneza bwana achukue fimbo gani. Akili ilikuwa yake, jina la ushindi la mwingine. Baada ya uhuru, wachezaji wengi wa Kenya wanaocheza kwa pesa walitoka katika kundi hilo la wabeba mifuko. Mwaka 1998 mmoja wa Wakenya, Jacob Okello, alifika mwisho wa mashindano hayo ya wazi akiwa sawa na Ricardo González wa Argentina. Wakapiga mashimo ya kuamua, González akashinda. Mpaka leo ninapoandika, hakuna Mkenya aliyewahi kubeba kombe lile. Ningependa siku moja kumketisha Okello mbele ya kipaza sauti nimuulize alifikiria nini wakati wa kutembea kwenda kwenye mpira wake wa mwisho.

Na tusidhani habari ya fimbo ya mti ni ya Uhispania tu. Jirani yetu wa upande wa Katanga, Zambia, ametoa Madalitso Muthiya, aliyeanza utotoni na matawi ya miti. Mwaka 2006 akawa Mzambia wa kwanza kucheza mashindano ya wazi ya Marekani.

Upande wa pili wa hadithi, yule aliyekuwa na fimbo zote, ni Mfaransa. Jean van de Velde, Carnoustie, Uskoti, Julai 1999. Limebaki shimo moja, la 18, na anaongoza kwa mapigo matatu. Shimo lile kwa kawaida linamalizwa kwa mapigo manne. Yeye hata akipiga sita ameshinda. Watu wote walingoja achukue fimbo ndogo, aende kidogo kidogo kama mama anayevuka mto na mtoto mgongoni. Alichukua fimbo kubwa. Mpira ukaenda kombo lakini ukalala pazuri. Hapo Mungu alikuwa amemwonya. Akachukua chuma namba 2, akalenga moja kwa moja. Mpira ukagonga jukwaa la watazamaji, ukarudi nyuma, ukagonga jiwe la kijito, ukaingia kwenye majani marefu. Kutoka pale akaupiga ndani ya kijito. Akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akasimama ndani ya maji akiutazama, dunia nzima ikimtazama yeye. Mwishoni akaacha kuupiga majini, akakubali adhabu ya pigo moja. Pigo lililofuata likaingia mchangani. Alimaliza kwa saba. Wakaenda watatu kwenye mashimo ya kuamua, na Paul Lawrie wa Uskoti akachukua kombe.

Watu wanamcheka mpaka leo. Mimi nasema jambo moja la kumtetea: lile pigo la saba lilikuwa la mbali kama mita mbili, baada ya aibu yote ile, na aliliingiza. Mkono haukutetemeka. Kilichomwangusha ni uchaguzi wa dakika kumi nyuma, alipokuwa bado na furaha.

Miezi michache baadaye Van de Velde alirudi Carnoustie, kwenye shimo lile lile, mbele ya kamera. Safari hii alibeba fimbo moja tu, ile fupi ya kusukumia, ambayo hakuna mtu anayeanzia nayo. Jaribio la kwanza na la pili hayakufika. La tatu alimaliza kwa mapigo sita. Yaani fimbo ile ndogo peke yake ingeweza kumpa ushindi.

Haya yote nilimweleza yule baba kwa simu, kwa kifupi, sababu mitandao ya Walikale mnaijua. Nilimwambia pia, na ninawaambia wazazi wengine mnaotusikiliza: mtoto akiwa halali usiku, hali chakula, ao anashtuka kwa kila mlio, msingoje gofu wala redio, mpelekeni kituo cha afya mkaulizie wanaosaidia walioumia moyoni. Baba akasema hapana, huyu analala, anakula, anauliza hata nyama.

Nikamwomba anipe kijana mwenyewe. Nilimuuliza rekodi yake ni mapigo mangapi kutoka mgomba mpaka shimoni. Akasema tano, lakini mvua ikinyesha ni saba. Halafu akaniambia amechonga fimbo ya pili. Nikamuuliza ya kazi gani.

"Ile ya ng'ombe ni ya mbali," akasema. "Hii ni ya karibu. Lakini tangu niichonge napiga sita."