Nyumba za Nyasi, Hesabu ya Mbingu

Wasukuma hawakupewa jina la mlima wala la babu. Jina lao ni jina la upande wa dunia: katika lugha yao, sukuma ni kaskazini. Kusini ni dakama, magharibi ni ng'weli, mashariki ni kiiya. Wanyamwezi waliokaa kusini yao ndio waliowatazama na kuwaita watu wa kaskazini, na jina likaganda. Ndani ya Usukuma wenyewe majina ya pande yaliendelea kuwagawa watu, na wenyeji wa nchi za Maswa, Meatu na Bariadi, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, hujulikana kwa wenzao kuwa Banakiiya, yaani watu wa mawio. Mtu wa Bariadi akitaja kabila lake na upande wake, amekwisha kutaja pande mbili za mbingu.

Ni vyema kuanzia kwenye maneno, kwa sababu mgeni anayefika Bariadi akitafuta elimu ya nyota ya wahenga hatakuta jengo la kumwonyesha. Hakuna ngazi za mawe zilizoelekezwa kwenye macheo, wala mnara wenye madirisha ya kuvizia sayari. Kuna mbuga, mashamba ya pamba, vilima vya miamba ya kale ya itale, na mto Simiyu unaoteremka kwenda Ziwa Viktoria. Kwa hiyo imekuwa rahisi kusema kwamba huku hapakuwa na elimu ya namna hiyo. Palikuwa na mvua, ng'ombe na uganga. Hukumu hiyo imetolewa mara nyingi, na aghalabu imetolewa na watu wanaopima akili ya taifa kwa urefu wa kuta zake.

Wanaopima hivyo huwa na Wamaya kichwani, na hapana budi kukiri kwamba kuta za Wamaya zinastahiki kutazamwa. Huko Uaxactun, katika Guatemala ya leo, mtu aliyesimama juu ya piramidi ya magharibi aliliona jua likichomoza nyuma ya mahekalu matatu yaliyopangwa upande wa mashariki: kwenye hekalu la kaskazini lilipofika mwisho wa safari yake mwezi wa Juni, kwenye la kusini mwezi wa Disemba, na katikati wakati mchana na usiku unapolingana. Safu ile ya majengo ilikuwa kalenda. Katika Chichén Itzá, Mexico, piramidi kubwa ina ngazi pande zote nne, kila upande vidato 91, na kidato cha juu kabisa hukamilisha 365. Machi na Septemba, jua la alasiri huangusha kwenye ukingo wa ngazi ya kaskazini vipande vya mwanga na kivuli vinavyofanana na nyoka anayeshuka. Maelfu ya watu huenda kumtazama nyoka huyo, ijapokuwa wataalamu wanabishana kama waashi walimkusudia, kwani huonekana kwa siku nyingi kabla na baada ya siku yenyewe.

Jengo lisilo na mabishano makubwa hivyo limo mji huo huo, nalo ni la duara. Waspania waliliita Caracol, konokono, kwa ajili ya ngazi inayojizungusha ndani yake. Baadhi ya madirisha yake yanaelekea mahali ambapo Zuhura huzama inapofika mwisho wa mwendo wake kaskazini na kusini. Zuhura ilikuwa nyota ya vita na hofu kwa Wamaya, na makuhani wao waliihesabu kwa usahihi wa kutisha: siku 584 tangu inapochomoza alfajiri hadi inapochomoza tena vivyo hivyo, na mizunguko mitano ya namna hiyo ni siku 2,920, sawasawa na miaka minane ya siku 365. Hesabu hiyo imeandikwa katika kitabu kilichohifadhiwa Dresden, Ujerumani.

Nyumba ya Msukuma nayo ilikuwa ya duara: msonge wa miti na udongo, paa la nyasi. Ikulu ya ntemi ilikuwa kubwa zaidi, lakini ilijengwa kwa vitu vile vile, na katika tawala nyingi za Usukuma na Unyamwezi mrithi alihamia kwenye ikulu yake mpya. Uani, mizimu ya ukoo, masamva, ilijengewa vijumba vidogo vya nyasi. Vyote hivyo vililiwa na mchwa na mvua ndani ya umri wa mtu mmoja. Mchimbuaji wa mambo ya kale hupata mashimo ya nguzo, na shimo la nguzo halisemi mlango ulitazama wapi wala kwa sababu gani.

Ila ntemi hakuwa mtawala wa watu tu. Wengi hulihusisha jina lake na kutema, kufyeka msitu ili shamba lipatikane, na hata kama asili ya neno ina utata, kazi yake haina. Katika Ntuzu, ambayo ni nchi ya Bariadi, na katika Itilima na Kanadi, jirani zake, ntemi ndiye aliyebeba dhamana ya mvua na mbegu. Msimu wa kilimo ulifunguliwa kwa idhini ya ikulu, kwa dawa na kwa tambiko. Mvua ikikataa, lawama ilimwangukia yeye, na wapo watemi waliong'olewa kitini kwa ukame. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika ya kikoloni, aliandika kitabu kizima juu ya cheo hicho mwaka 1951, na mtu akikisoma anaona jinsi ilivyokuwa vigumu kutenganisha utawala na majira.

Hapa ndipo jua linapoingia. Bariadi iko chini kidogo ya digrii tatu kusini ya ikweta. Kwa hiyo jua hupita utosini hasa mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 13 Machi na karibu na tarehe 30 Septemba. Mchana wa siku hizo, karibu na saa saba, nguzo iliyosimama wima haina kivuli. Ukanda wa mvua za nchi za joto hulifuata jua, nao huchelewa wiki kadhaa nyuma yake. Jua la utosini la mwisho wa Septemba ni onyo: fyekeni, choma majani, mvua iko njiani. Wamaya walilitukuza jua la namna hiyo, na Chichén Itzá hulipata mwezi wa Mei na mwezi wa Julai. Bariadi halikuhitaji tundu katika paa la hekalu. Kila mlingoti wa zizi ulitosha kulishuhudia.

Usiku nao ulikuwa na ishara yake. Kundi la nyota ambalo washairi waliosoma Kiarabu huliita Thuraya, Kiswahili kimeliita Kilimia, na jina hilo lenye mzizi wa kulima limesambaa katika lugha za Kibantu hadi kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ambao kwao vijana waliotoka jandoni walihesabu miaka ya utu uzima wao kwa kuchomoza kwake. Katika mbingu ya Simiyu, Kilimia huzama na jua mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa ukingoni. Hupotea kwa wiki chache. Hurudi alfajiri mwezi wa Juni, katika ukavu. Katikati ya Novemba huchomoza magharibi ya jua yakitimia, upande wa kiiya, na hapo mvua za kupandia zimekwisha kuanza au zimekaribia. Wazee wa pwani walikuwa na msemo wa kufanana na hayo, kwamba Kilimia kikizama katika mvua hutokea katika jua, na kinyume chake. Wamaya wa Yucatán waliona katika nyota hizo hizo mkia wa nyoka mwenye kayamba.

Msomaji wa visiwani asijivune upesi kwamba yeye ana mawe. Anayo, ni kweli. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia, na hayo yamebaki ijapokuwa jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18. Msikiti ndio jengo letu lililofungwa na mbingu kuliko yote, maana ukuta wa kibla hauna hiari. Na kwa Unguja kibla ni karibu kaskazini kamili, digrii moja tu na kidogo kuelekea mashariki. Ndiyo sababu katika Kiswahili neno kibla limetumika pia kwa maana ya kaskazini. Tafsiri ya neno hilo kwa Kisukuma, kwa maana hiyo ya pili, ni sukuma.

Lakini nyota ya kaskazini haionekani Unguja, wala haikuonekana wakati wa mwashi wa Kizimkazi. Imefichwa chini ya upeo wa bahari. Manahodha waliijua kwa sababu waliiona ikiibuka kila walipopanda kuelekea Uarabuni, na ikizama tena waliporudi. Mwashi wa nchi kavu ilimbidi aifahamu kwa nyota nyingine, kwa kivuli cha jua, au kwa kauli ya nahodha. Alielekeza mihrabu kwenye kitu asichokiona, kwa elimu iliyokuja mdomoni mwa mtu. Njia mojawapo ya kuisahihisha ingali inatumika: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, na tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27, jua huwa utosini mwa Makka. Anayelielekea wakati huo, awe Mkunazini au Bariadi, ameielekea Al-Kaaba. Makka na Chichén Itzá zimekaribiana sana kwa umbali wao kutoka ikweta, na ndiyo maana siku zao za jua la utosini zinapishana kwa siku chache tu.

Na hayo mawe yetu yalitanguliwa na miti. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya nane. Laiti watu wa Shanga wangaliendelea kujenga kwa miti, pengine leo wangehukumiwa kama Bariadi inavyohukumiwa.

Tena Unguja kuna nyumba ya ibada ya majira ambayo hujengwa ili iangamie. Mwaka wa Kiswahili una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada, kama vile mwaka wa Wamaya ulivyokuwa na miezi 18 ya siku ishirini ishirini na siku tano za mkosi. Mwaka unapogeuka mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi hujenga kibanda cha makuti na kukitia moto, na moshi wake hutazamwa unakoelekea. Kesho yake hakuna cha kuchimbua. Mwaka unaofuata kibanda husimama tena, kwa kuwa wapo wanaojua siku yake.

Mnamo 1963 Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu kwa sheria. Zilikuwapo sababu za kisiasa, na baadhi yake zilikuwa nzuri, kwani wakoloni walikuwa wamewageuza watemi wengi kuwa wakusanyaji kodi. Walakini hapakuwa na fungu katika sheria lililouliza nani atabaki na hesabu ya majira iliyokuwa ikulu. Umbo la nyumba lilipata bahati kuliko hesabu: huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alilitia katika kanisa na makumbusho, na sanduku la ekaristi likafanywa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Duara likapata saruji.

Mawe ya Wamaya nayo hayakuwalinda kama inavyodhaniwa. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, kasisi Diego de Landa alivichoma vitabu vyao, na vilivyosalimika vinavyojulikana leo ni vinne. Mahekalu yalibaki yamesimama msituni bila wa kuyasoma, na Landa yule yule ndiye aliyeandika maelezo ambayo baadaye yaliwasaidia wasomi kuzifumbua alama za kalenda. Katika nyanda za juu za Guatemala, hata hivyo, wapo Wamaya wa K'iche' ambao hadi leo huzihesabu siku 260 za kalenda ya ibada, siku baada ya siku, bila kutegemea piramidi yoyote. Mwalimu humfundisha mwanafunzi, na mwanafunzi hukaa na hesabu kichwani.

Bariadi sasa tarehe ya kupanda hutangazwa na maofisa wa kilimo na kwa redio, na pamba hupandwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Disemba. Ni majira yale yale. Mkulima anayerudi nyumbani jioni na jembe begani, mgongo wake ukiwa ng'weli, ana Kilimia mbele yake kinapanda juu ya mbuga, na huenda mjukuu anayemfuata akauliza kinaitwaje.