Upinde wa Mwingereza na Jeshi Lisilo na Kambi

Wafalme wa nasaba ya Tudor, waliotawala Uingereza tangu mwaka 1485 hata 1603, hawakuwa na jeshi la kudumu. Ukiwatoa walinzi wa mfalme na askari wachache wa ngome za mpakani na za pwani, hapakuwa na mtu aliyekula mshahara kwa kungojea vita. Silaha zilikaa majumbani mwa raia, kwani sharia ya mwaka 1285 ilimwajibisha kila mwanamume wa miaka 15 hadi 60 aziweke kwa kadiri ya mali yake.

Zilizo mashuhuri zilikuwa mbili: upinde mrefu kimo cha mtu, na nyengo ya vita, ambayo asili yake ni ile nyengo ya mkulima ya kufyekea vichaka, ikatiwa ncha na mpini mrefu. Usiidharau. Katika mapigano ya Flodden, tarehe 9 Septemba 1513, James wa Nne, mfalme wa Scotland, aliwateremkia Waingereza kutoka kilimani na safu za mikuki mirefu kwa mtindo mpya wa Ulaya. Lakini bondeni palikuwa na tope, safu zikavurugika, na mkuki wa namna ile ukikosa safu huwa mzigo kwa mwenyewe. Wenye nyengo wakaingia kati, na jioni mfalme alikuwa maiti.

Upinde nao ulikuwa na gharama yake, nayo ni umri wa mtu. Sharia ya mwaka 1541 ilimkataza aliyetimiza miaka 24 kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220. Na katika mifupa ya mabaharia wa Mary Rose, merikebu iliyozama mwaka 1545, wataalamu wameona mabega ambayo huenda yaliathiriwa na kuvuta upinde tangu utotoni. Bunduki haikudai hayo: mkulima aliweza kuizoea kwa majuma machache, na tangu mwaka 1573 serikali ya Malkia Elizabeth wa Kwanza ilichagua baadhi tu ya raia ili wafunzwe barabara.

Sir John Smythe, askari wa zamani, aliutetea upinde kwa kitabu mwaka 1590, serikali ikakizuia. Mwaka 1595 ikaamriwa kwamba wapiga upinde wasihesabiwe tena katika vikosi vilivyofunzwa. Mwaka uliofuata mzee huyo aliwaambia askari wa Colchester wasikubali kupelekwa ng'ambo, akafungwa katika Tower of London, na udhuru alioutoa ni kwamba siku ile alikuwa amelewa.