Mita ya LUKU na dakika zilizokwisha

Wiki iliyopita nilipita kwenye maonyesho ya wanafunzi hapa mjini. Wamejenga "jiji janja" juu ya meza: maboksi yamekuwa maghorofa, taa za barabarani zinawaka kigari kikikaribia, na kila nyumba ina mita inayotuma taarifa kwenye kompyuta bila mtu kuigusa. Kijana aliyekuwa anaeleza akasema hiyo ndiyo intaneti ya vitu. Nikamwuliza, Kariakoo itafika lini? Akacheka. "Bado sana, kaka."

Nimerudi nyumbani Mtaa wa Narung'ombe, nikaitazama mita yetu. Nadhani alikosea.

LUKU (Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, kwa waliosahau) iliingia nchini miaka ya 1990. Ulipanga foleni kituoni, ukarudi na kikaratasi chenye tarakimu 20. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, taratibu tarakimu hizo zikahamia kwenye simu. Mita yenyewe haina intaneti. Waya wake ni sisi: kompyuta inasema, mtu anabeba ujumbe mfukoni, anaubonyeza ukutani.

Na ujumbe huo una mambo. Mfumo wake ulizaliwa Afrika Kusini. Ndani ya zile tarakimu 20 kuna kiasi cha uniti, na pia dakika zilizopita tangu Januari 1, 1993, ili mita itambue namba iliyokwisha kutumika. Lakini waliotengeneza waliweka nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Hesabu hiyo iliisha Novemba 24, 2024. Duniani kote, mita ya aina hii ambayo haikuwa imebadilishwa ingekataa umeme mpya.

Ndiyo maana mwaka ule TANESCO ilitutaka tuboreshe mita. Ukinunua umeme, ulikuwa unapewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadili mita, la tatu ndiyo uniti zako. Nyumba yetu ina vyumba sita na mita moja. Mama mwenye nyumba akaniita, "Mwanangu, wewe uliyesoma, hebu njoo." Tarakimu 60! Nikakosea, nikarudia, wapangaji wamejipanga nyuma yangu, na jirani anayeuza barafu anaulizia friza lake kila baada ya sekunde tano. Ikakubali.

Mita hiyo haijui nani alipiga pasi usiku. Ugomvi huo tunaumaliza wenyewe kwenye mchango wa mwezi. Ile ya mezani ingejua saa tunazolala, na ingeweza kutukatia umeme kutoka mbali.

Juzi nilirudi kumwuliza yule kijana nani anazisoma taarifa za nyumba zile. Akanionyesha kompyuta chini ya meza. Neno la siri lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, limebandikwa juu yake.