Mitaa ya Nakuru na Haki ya Kuhifadhiwa

Ndani ya boma la kasri la Prague, katika nchi ya Ucheki, pana kichochoro kiitwacho Zlatá ulička, ambacho vijumba vyake vilijengwa mwishoni mwa karne ya 16 kuwa maskani ya walinzi, na ambamo Franz Kafka alikuwa akiandikia hadithi zake, katika nambari 22, majira ya baridi ya 1916 hata 1917. Na kwa kuwa vijumba hivyo vya watu wanyonge vimetunzwa kwa taadhima ile ile ipewayo kasri, yatupasa nasi wa Bonde la Ufa tuitazame tarehe ya mitaa yetu.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 pakatangazwa kuwa mji. Wafanyabiashara wa Kihindi walioifuata walianza na maduka ya mabati, kisha, kadiri mali ilivyoongezeka, wakajenga kwa mawe: mbele baraza yenye nguzo, ambapo mpita njia alijikinga na jua na fundi cherehani akaweka mashine yake, ndani duka, nyuma ghala na ua, na jamaa wakilala uani au ghorofani. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi, Wazungu Milimani, Wahindi karibu na biashara, Waafrika Bondeni, na hata leo atembeaye kutoka Milimani kwenda Bondeni huiona dhuluma hiyo katika upana wa viwanja na ufinyu wa vyumba.

Picha za Nakuru aghalabu ni za heroe wa ziwani, na za Naivasha ni za viboko na waridi. Mtaa wetu wa Kamere, uliokua pamoja na mashamba ya maua kusini mwa Ziwa Naivasha, hauonekani humo, ilhali safu zake za vyumba vya kupanga na vibanda vyake vya mabati ni athari za kazi, sawa kabisa na vile vijumba vya walinzi.

Tangu Nakuru ipewe hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, kila mwenye kiwanja ana sababu mpya ya kutamani maghorofa. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 yaruhusu majengo kulindwa. Basi serikali ya kaunti na iyaorodheshe maduka ya baraza kabla ya kutoa kibali cha kubomoa, na wazee wa Kamere waandikwe habari zao wangali hai.