Upasuaji wa Matundu Madogo na Umbali wa Milima ya Upare

Historia ya upasuaji wa matundu madogo katika magonjwa ya wanawake haiwezi kuelezwa kwa vifaa peke yake. Mwaka 1901 Georg Kelling alichungulia tumbo la mbwa kwa bomba lenye lenzi. Mwaka 1910 Hans Christian Jacobaeus alifanya hivyo kwa binadamu. Katika miaka ya 1940, jijini Paris, Raoul Palmer aliitumia njia hiyo kuwachunguza wanawake wagumba.

Hata hivyo, tundu la sentimita moja hutegemea hospitali nzima: gesi ya kuinua ukuta wa tumbo, kamera, umeme wa uhakika, mtaalamu wa usingizi na wauguzi waliofunzwa. Wilayani Same, wagonjwa wengi wa milimani hushuka kwanza hadi tambarare. Wanaopewa rufaa huendelea hadi KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971.

Umbali huo hugawa manufaa. Mwanamke mwenye uvimbe wa ovari uliotulia aweza kusafiri, kupata jeraha dogo na kurejea shambani mapema. Yule ambaye mimba yake imetunga nje ya kizazi na kupasuka, huku akivuja damu ndani kwa ndani, hana muda huo. Kwake, upasuaji wa kufungua tumbo katika hospitali ya karibu ndio uokoao maisha.

Hivyo basi, kwa Upareni, mbinu mpya haikuifuta ya zamani. Ubora wa huduma hupimwa kwa udogo wa kovu, na pia kwa muda unaopita kati ya maumivu na kisu.