Shabiki Naye Ana Jina

Mwigizaji anayependwa anapokuja kuzungumza na mashabiki wake, ratiba inajulikana kabla hata hajashuka kwenye gari. MC anachangamsha ukumbi. Mgeni anaketi kwenye kochi jukwaani na kusimulia alivyoanza sanaa, waliomkatisha tamaa na namna Mungu alivyomfungulia njia. Mwishoni yanaruhusiwa maswali matatu. "Dada mwenye kitenge pale nyuma," MC anaita. Dada anasimama, maikrofoni inachukuliwa kabla hajamaliza, anakaa. Baada ya hapo watu wanasukumana kupiga picha. Aliyeipata anarudi nyumbani akitamba kwamba amemwona fulani. Kama fulani naye amemwona yeye, hilo halimo kwenye ratiba.

Mtindo huo tumeuzoea hata tunadhani hakuna mwingine. Ipo mingine mingi, na mingine ni ya hapa hapa kwetu. Kila jamii yenye wasanii imejiwekea utaratibu wa shabiki kukutana na msanii wake, na taratibu hizo zinatofautiana katika mambo matatu: nani ana haki ya kusema, nani anatoa na nani anapokea, na jina la nani linatajwa. Kwa vigezo hivyo nitapima mila chache, nikianzia mkoa wa Mara, wanakoishi jirani kwa jirani Wakurya, Wajaluo, Wazanaki, Wajita, Waikizu, Wasukuma na wengine, kila watu na namna yao ya kumsikiliza msanii.

Wajaluo wa Rorya na Musoma wana nyatiti kama ndugu zao wa Siaya na Kisumu. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi mbele ya ala yake ya nyuzi nane, njuga zikiwa mguuni na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akigongea nayo ubao wa ala. Kama ni matanga anamwimba marehemu. Kama ni sherehe anamwimba mwenye sherehe. Ghafla mtu anainuka, anatoa fedha, na wimbo unasimama. Sasa uwanja ni wake. Anajisifu: yeye ni mtoto wa nani, ametoka wapi, rafiki zake ni kina nani, ana nini ambacho wengine hawana. Utaratibu huo unaitwa pakruok. Akimaliza, nyuzi zinaendelea, na mara nyingi jina lake linaingia katika wimbo. Punde anainuka mwingine asiyekubali kupitwa.

Tuupime. Kwanza, hadhira inasema, tena inasema katikati ya kazi ya msanii, wala haingoji imalizike. Pili, fedha hutoka kwa shabiki hadharani, na anachonunua si kiti bali zamu ya kusema. Tatu, jina linaloinuliwa ni la aliyekuja kusikiliza. Msanii hashuki hadhi kwa hilo, kwa kuwa mpigaji hodari ni yule anayejua watu, koo na vijiji, na jina alilotajiwa hivi punde analiingiza katika wimbo bila kuvunja mdundo. Kasoro yake nayo iko wazi: asiye na fedha hana zamu. Masikini anasikiliza sifa za wenye nacho hadi kunakucha.

Ukishuka Bunda, kwenye barabara ya Mwanza, unaanza kukutana na Wasukuma, na huko kigezo kinageuka. Katika mashindano ya ngoma ya Usukumani, pande mbili pinzani za wachezaji, Bagika na Bagalu, hucheza siku moja, saa moja, wakitazamana uwanjani. Sherehe za Bulabo kule Bujora, karibu na Mwanza, zinahifadhi ushindani huo. Hakuna jopo la majaji wenye karatasi. Watu wakihama upande huu kwenda ule, aliyehamwa ameshindwa. Shabiki hana haja ya maikrofoni wala pochi. Anasema kwa miguu, na masikini na tajiri wana sauti sawa. Lakini jina lake halitajwi popote. Amehesabika, hajatambuliwa.

Pwani wana kutunza. Katika ukumbi wa taarab, Zanzibar au Tanga, mwanamke anainuka na noti mkononi, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza mwimbaji na kurudi. Mgeni atadhani anamshukuru tu mwimbaji. Wenyeji wanatazama ameinuka kwenye ubeti gani, na alipokuwa akipita alimgeuzia nani shingo. Ubeti ule umekuwa ujumbe wake kwa mtu aliyeketi meza ya tatu, na mwimbaji ni mjumbe tu. Methali husema mcheza kwao hutuzwa, nasi huisoma kama habari ya msanii na zawadi yake. Kumbi za taarab zinaonyesha kwamba anayetuza naye ana lake, na amekuja nalo kutoka nyumbani.

Kutoka hapo turukie Uingereza, na wa kutuvusha ni mtu wa Butiama. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari wa Roma, ikachapishwa mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kilele chake ni hotuba mbili juu ya maiti moja. Brutus anasema, umati unamkubali. Antonio anasema, umati unageuka na kwenda kuchoma moto nyumba za waliomuua Kaizari. Umati ule hausikilizi kimya. Unadakia, unauliza, unajibishana wenyewe kwa wenyewe, na msemaji analazimika kuufuata. Shakespeare aliandika hivyo kwa sababu ndivyo watazamaji wake walivyokuwa: waliolipa peni moja walisimama chini ya jukwaa na hawakuwa na simile na mwigizaji aliyewachosha.

Kabla yake alikuwapo mchekeshaji Richard Tarlton, aliyefariki mwaka 1588. Mchezo ukimalizika, watazamaji walimrushia mada yoyote waliyotaka, naye akawajibu papo hapo kwa mashairi yasiyoandaliwa. Huyo ndiye babu wa maswali na majibu ya leo, na angekaa vizuri sana kwenye kigoda cha mpiga nyatiti.

Nini kilibadilika? Katika karne ya 19, kumbi za Ulaya zilianza kuzima taa upande wa watazamaji. Jukwaa likang'aa, watu wakawa gizani, na adabu mpya ikawa kunyamaza hadi pazia lishuke. Sinema ikaongeza umbali: mwigizaji sasa hayupo kabisa, ipo picha yake. Hapo ndipo yalipozaliwa mahitaji ya kikao cha pembeni, ambapo aliyenyamazishwa anapewa dakika chache za kusema. Kipindi cha Marekani cha Inside the Actors Studio, kilichoanza mwaka 1994 chini ya James Lipton, kilikuwa mfano wake uliokamilika. Mwenyeji aliuliza kwa kina huku kadi zikiwa mezani, akafunga kwa maswali kumi aliyoyarithi kutoka kwa mtangazaji wa Ufaransa, Bernard Pivot, kisha wanafunzi wa uigizaji wakapewa nafasi. Kama darasa, kilikuwa kizuri: mwigizaji alieleza kazi yake kifundi. Lakini kochi, kadi na maswali ya mwisho ni dawa ya ugonjwa wa ukimya. Sisi tumeipokea dawa bila kuuliza kama tunaumwa.

Wajapani walipita njia nyingine. Katika kabuki, mwigizaji anapofika kwenye pozi kuu na kuganda, sauti inapasuka kutoka viti vya juu kabisa, vya bei nafuu: "Naritaya!" Hilo ni jina la nyumba ya kisanii ya kina Ichikawa Danjuro, nalo limetokana na hekalu la Narita ambalo Danjuro wa kwanza alilitukuza. Anayeita lazima ajue sekunde ya kuita. Akiwahi anaharibu, akichelewa anaaibika. Halafu ipo hafla iitwayo kojo, ambayo ndiyo mazungumzo yao ya mwigizaji na mashabiki: wasanii wanapiga magoti kwa safu jukwaani, mwenzao anayepokea jina la wahenga anatambulishwa, naye anainamisha kichwa hadi sakafuni na kuwaomba watazamaji waendelee kumlea. Mwaka 2022, Ichikawa Ebizo alipokuwa Danjuro wa 13 katika ukumbi wa Kabuki-za jijini Tokyo, ndivyo ilivyofanyika. Aliye maarufu ndiye anayeinama. Hata hivyo jina linaloitwa ni la nyumba ya msanii. Shabiki anabaki sauti isiyo na uso.

Weka mila hizi pamoja, utaona kwamba popote ambapo hadhira haikunyamazishwa, haikuhitaji kutengewa kikao cha maswali. Ilikwisha kusema. Sasa tujitazame. Michezo ya jukwaani tuliyokuwa nayo, vichekesho vilivyochanganywa na ngoma, sarakasi na taarab katika maonyesho ya vikundi kama Muungano na TOT, ilimweka mwigizaji mahali anaposikia kelele za mlipaji kiingilio. Zikaja tamthilia za televisheni, kisha filamu za kuuzwa kwenye diski. Bongo Movie ilikua bila kupitia kwenye kumbi za sinema: filamu ilitoka Dar es Salaam, ikapanda basi, ikachezwa sebuleni na kwenye vibanda vya video vya Musoma na Bunda. Kibandani watu hawakunyamaza hata kidogo. Walimwonya shujaa, walimtukana mama mkwe, walibishana juu ya mwisho. Tatizo ni kwamba mwigizaji hakuwapo kuwasikia.

Matokeo yake yalionekana Aprili 2012. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyezaliwa Shinyanga, alifariki tarehe 7, na alipoagwa viwanja vya Leaders, Dar es Salaam, siku tatu baadaye, umati ulikuwa mkubwa kupita kiasi na watu walizimia. Nadhani miongoni mwao walikuwamo wengi ambao hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kuwa naye mahali pamoja. Walikuwa na miaka ya maneno ya kumwambia, na hayakupata pa kusemewa.

Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, nchini Kenya, Mzee Ojwang' wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi anatuonyesha jambo jingine. Lafudhi yake ya Kijaluo ilimfanya mtazamaji wa Rorya aone mjomba wake ndani ya televisheni. Mwenyewe, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mkutano wa ana kwa ana ungekuwa fursa ya pekee ya kuuliza: uliisikia wapi sauti yetu, uliisoma kwa nani, na umeiheshimu au umeichezea? Hayo ni maswali ambayo shabiki mwenye lafudhi hiyo anayauliza vizuri kuliko mwandishi yeyote wa burudani. Ni maswali ya mtu anayejua kwamba ametumika katika kazi ile.

Wakati waandaaji wanang'ang'ania kochi, simu imewapita. Msanii akienda laivu TikTok, mashabiki wanamtumia zawadi, kuanzia waridi la bei ndogo hadi simba wa bei kubwa, naye anakatisha habari aliyokuwa akisimulia ili asome jina la aliyetuma na kumshukuru. Mzee wa Rorya akitazama hatahitaji maelezo: mtu ametoa, wimbo umesimama, jina limetajwa. Vijana wamefufua pakruok bila kujua, pamoja na kasoro yake ile ile ya mwenye fedha kutajwa na mkata kusahauliwa, na wameongeza nyingine, kwamba sehemu kubwa ya fedha inabaki kwa mwenye mtandao.

Upo mfano wa karibu uliokwepa kasoro hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kufanya sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo. Waliuliza wanakijiji kero zao, mchezo ukatungwa nao na kuchezwa mbele yao, kisha mjadala ukafuata. Hakuna aliyelipia zamu. Lakini mjadala ule ulihusu kijiji, haukumhusu mwigizaji anayependwa, na mapenzi ya shabiki nayo yana haki yake ya kusikilizwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Kati ya mila zote nilizozitaja, ya kochi na maswali matatu ndiyo inayompa shabiki kidogo kuliko zote, na ndiyo tuliyoichagua. Anayeandaa mazungumzo na mwigizaji katika uwanja wa Karume Musoma, ukumbi wa shule Bunda au chini ya miti Butiama ana vya kuazima jirani. Kwa mpiga nyatiti aazime zamu: shabiki ataje jina lake na atokako, aseme filamu ile ilimkuta wapi maishani, bila kulipia neno hata moja. Kwa Bagika na Bagalu aazime uwanja usio na viti vya watukufu. Kwa Wajapani aazime kuinama kwa mgeni. Kwa Malya aazime subira ya kuuliza kwanza na kucheza baadaye. Mpiga nyatiti, au mpiga litungu la Wakurya, akaribishwe pia, ayaingize majina yaliyotajwa katika wimbo mmoja, msanii akiwa ameketi miongoni mwa watu.

Nawe mwigizaji ukialikwa Mara, usije na historia ya maisha yako tu. Hiyo tunaijua. Njoo na masikio, na kabla hujapiga picha na mtu, mwulize jina lake.